Kumsoma Mshindani

Kila shindano lina mambo mawili ndani yake, nayo ni pigo na kinga. Pigo huonekana na watu wote, hushangiliwa, na hukumbukwa hata baada ya mchezo kwisha. Kinga haina sifa hiyo. Walakini, msomaji, ukitaka kumjua mtu vizuri usimtazame anapopiga, mtazame anapojikinga. Apigaye huchagua wakati wake na njia yake, kwa hiyo aweza kujionyesha vile apendavyo. Ajikingaye hushtukizwa, na mtu aliyeshtukizwa hurudi kwenye mazoea yake kama kuku arudivyo bandani jioni. Wahenga walisema kuwa mazoea yana taabu. Katika insha hii nataka kukuonyesha taabu hiyo, na faida ya kuitambua, kwa mfano ambao labda hukuutazamia kwa mwalimu: michezo ya mapigano ichezwayo kwenye televisheni.

Najua kuwa wazazi wengi hawaipendi michezo hii, na sababu zao si za kupuuzwa. Kibanda cha michezo hula pesa, na zaidi ya pesa hula wakati, ambao haurudi. Mimi mwenyewe nimepata kuwatoa wanafunzi katika vibanda hivyo saa za masomo. Lakini mtu aweza kupiga vita ulevi wa kitu bila kukana maarifa yaliyomo ndani yake. Bao limewapotezea wazee wengi saa nyingi, na hata hivyo hakuna asemaye kuwa bao halina akili.

Michezo hii ilipata umaarufu mkubwa duniani tangu mwaka 1991, kampuni ya Capcom ya Japani ilipotoa Street Fighter II. Mwaka 1992 ikatoka Mortal Kombat huko Marekani, na mwaka 1994 kampuni ya Namco ya Japani ikatoa Tekken, ambayo ndiyo niliyoiona zaidi katika vibanda vya miji yetu. Watu wawili hukaa mbele ya kioo kimoja. Kila mmoja ameshika pedi, yaani kidude chenye vitufe ambacho kwacho humwendesha mpiganaji wake. Juu ya kioo pana mistari miwili ya uhai. Kila pigo liingialo hupunguza mstari wa aliyepigwa, na mstari ukiisha, raundi imekwisha.

Kujikinga katika michezo hii ni kitendo chepesi kwa mkono. Katika Street Fighter, mchezaji husukuma kitufe cha mwelekeo upande ulio kinyume na mshindani wake, kana kwamba anarudi nyuma. Katika Mortal Kombat, kinga ina kitufe chake peke yake. Katika Tekken, mpiganaji aliyesimama tu bila kuamrishwa neno hujikinga mwenyewe. Ugumu hauko mkononi. Uko katika kuchagua. Tuchukue Tekken iwe kielelezo chetu. Asimamaye huzuia mapigo ya juu na ya kati, lakini miguu yake i wazi. Achutamaye huweza kuzuia mapigo ya chini, na mengi ya mapigo ya juu hupita hewani bila kumgusa, lakini pigo la kati humwangukia. Tena yuko yule aliyesimama imara, anayejilinda kwa subira na kuzuia kila ngumi. Huyo aweza kukamatwa na kupigwa mwereka, kwa maana mwereka hauzuiwi kwa kinga. Hata mwereka una dawa yake: aliyekamatwa akibonyeza kitufe kinachofaa kwa wakati ufaao, hujinasua, na anayechutama mapema huiacha mikono ya mkamataji ikikumbatia hewa. Lakini akichutama ili aukwepe mwereka, amejitoa kwa pigo la kati. Kwa hiyo kila mlango ufungwao huacha mwingine wazi. Hakuna kinga iliyo kamili, na hakuna pigo lisilo na jawabu.

Sasa fikiri juu ya wakati. Mchezo huu huonyesha picha 60 kwa kila sekunde. Ngumi iliyo nyepesi kuliko zote katika Tekken hufika katika picha ya 10, yaani baada ya sehemu moja ya sita ya sekunde. Jicho la binadamu likiona jambo la ghafula, mkono wake huhitaji takriban robo ya sekunde kuanza kulijibu, na robo ya sekunde ni picha 15. Hesabu hii ina maana kubwa. Yako mapigo mazito na ya polepole ambayo mtu aweza kuyaona yakija na kuyazuia. Lakini mengine hufika kabla jicho halijaleta habari, na mtu hawezi kuyazuia ila kwa kukisia. Akisiaye mara moja aweza kubahatisha. Akisiaye mara 20 huanza kufuata desturi fulani, hata kama mwenyewe hajijui. Hapo ndipo kusoma kunapoanza.

Mchezaji asiyejua kusoma akikuta kinga huongeza nguvu. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, bwenini kwetu palikuwa na mwenzetu mmoja ambaye kila akizuiwa alibonyeza vitufe kwa hasira zaidi, hata meza ikatikisika. Mashine haijui hasira. Pigo lililobonyezwa kwa kidole kizito halizidi kwa uzito lile lililobonyezwa kwa kidole chepesi. Zaidi ya hayo, pigo kubwa likizuiwa humwacha mpigaji wazi kwa kitambo kidogo, na mshindani mtulivu hukitumia kitambo hicho kumwadhibu. Kwa hiyo mwenzetu alishindwa mara nyingi na watu waliokaa kimya tu wakimngoja amalize.

Mchezaji ajuaye kusoma hufanya kazi kwa utaratibu, nami nitakueleza utaratibu huo hatua kwa hatua.

Kwanza, hutazama. Katika raundi ya mwanzo hutupa mapigo mepesi yasiyo na hatari, na kila moja ni swali. Je, huyu akipigwa chini mara moja, huchutama kwa muda gani? Akizuia mapigo matatu, hutulia au hurudisha lake? Akiangushwa, huinuka na kinga, au huinuka akipiga teke, au hujiviringisha pembeni? Raundi hii aweza kuipoteza, lakini akiipoteza hali ana majibu, bado hajatoka mikono mitupu.

Pili, humzoesha. Humpa mshindani jambo moja mara mbili au tatu, hata alitegemee. Humpiga mwereka, kisha mwereka tena. Mtu aliyepigwa mwereka mara mbili huona aibu, na aibu humfanya angoje wa tatu kwa hamu.

Tatu, hugeuza. Mkono unapokaribia, yule aliyeungoja mwereka anachutama, na pigo la kati linamkuta chini. Tangu hapo hana raha. Akichutama ataumia, akisimama atakamatwa. Kinga yake haijavunjika, ila imani yake katika kinga hiyo imevunjika, na hiyo ndiyo iliyomshikilia.

Nne, ambayo wengi huisahau, hungoja. Huacha nafasi makusudi, kama mtu aliyechoka. Mshindani aliyejifungia muda mrefu huiona nafasi hiyo, hutoka kupiga, na hupigwa njiani. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Haya sikuyapata kitabuni. Niliyapata kwa mdogo wangu, aliyekuja kukaa nami katika nyumba ya walimu baada ya baba yetu kufariki. Wakati huo alikuwa katika kidato cha tatu. Alikuwa na mashine kuukuu ya michezo aliyoachiwa na binamu yetu, na jioni vijana wa jirani, hata wengine waliomzidi umri na wepesi wa vidole, walikuja kucheza naye. Karibu wote walishindwa. Siku moja nilimwuliza siri yake. Akanijibu bila kugeuza uso, "Kaka, wao wanamtazama mtu aliye kwenye kioo. Mimi namsikiliza aliyeshika pedi." Nikamwomba anieleze. Akasema kuwa fulani huvuta pumzi kabla ya kushambulia. Fulani hubonyeza kwa kelele anapoogopa. Na fulani, akiokoka mara moja kwa kuruka, ataruka tena mpaka mwisho wa dunia. Nilikaa nyuma yao jioni ile nikahakikisha. Alisema kweli kwa kila mmoja.

Lakini usije ukadhani, msomaji, kuwa mtu akisoma vizuri atashinda siku zote. Mshindani wako naye ana macho. Mwaka 2004, katika mashindano ya Evolution huko Pomona, California, walikutana Daigo Umehara wa Japani na Justin Wong wa Marekani katika mchezo wa Street Fighter III: 3rd Strike. Umehara alikuwa amebakiza uhai mdogo kama uzi. Katika mchezo huo, baadhi ya mapigo makubwa hukwaruza uhai hata wa mtu aliyejikinga; kwa hiyo kinga ya kawaida isingalimwokoa. Wong akaachilia mfululizo wa mateke 15. Kwa hesabu ya mistari ya uhai, uamuzi huo ulikuwa na haki yake. Ila mchezo ule una kinga nyingine, adimu na ya hatari: mtu husukuma mbele kulielekea pigo, kwa wakati wake hasa, na pigo hufutika bila kumdhuru. Akikosea kidogo, amekwisha. Umehara aliyapokea mateke yote 15 kwa njia hiyo, moja baada ya moja, kisha akajibu, akashinda pambano lile. Ukumbi ulilipuka kwa kelele, na watu wanalitazama tukio hilo mpaka leo. Ubingwa wa mashindano yale hakuutwaa. Lakini alifundisha kuwa kinga ya mtu haijulikani yote mpaka abanwe. Asingaliweza kulizuia teke la kwanza kama hakuwa akilitarajia. Wakati Wong akimpimia njia ya kumaliza, yeye alikuwa ameketi akiingoja njia hiyo hiyo.

Tukitoka katika kioo na kuingia ulingoni penye watu wa nyama na damu, twakuta kanuni ni ile ile. Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, Muhammad Ali alipigana na George Foreman. Foreman alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, mwenye umri wa miaka 25, na alikuwa ameshinda mapambano yake yote 40. Ali alikuwa na miaka 32. Badala ya kukimbia huku na huko kama ilivyokuwa sifa yake, Ali aliegemea kamba, akafunika kichwa kwa mikono, akamwacha Foreman apige. Foreman alipiga mikono, akapiga mbavu, akapiga tena. Raundi zilipita, joto likazidi, na nguvu zikamtoka. Katika raundi ya nane Ali alitoka kwenye kamba akamwangusha. Kinga ile ilikuwa mtego, na kila ngumi ya Foreman ilikuwa malipo ya kuingia mtegoni. Mtu aonaye kinga iliyofungwa na kudhani ni dalili ya woga tu, hajasoma. Ameona jalada akadhani amekimaliza kitabu.

Tena kuna jambo la kujifunza katika mwaka 2019. Mwezi wa Februari mwaka huo, kijana wa Lahore nchini Pakistan, Arslan Siddique, ajulikanaye kwa jina la Arslan Ash, alishinda mashindano ya Tekken 7 ya Evo Japan mjini Fukuoka. Mwezi wa Agosti akashinda tena katika Evo huko Las Vegas, Marekani. Kabla ya hapo, majina makubwa ya Tekken yalikuwa ya Korea Kusini na Japani. Wachezaji wa mataifa hayo walikuwa wamesomana kwa miaka mingi, kila mmoja akijua desturi za mwenzake. Huyu alitoka mahali ambapo walimwengu hawakupatazama, na alikuwa amenolewa na wenzake wa nyumbani. Jifunze kwake kuwa kumjua mshindani mmoja si kuwajua wote. Ufunguo uliofungua mlango wa jana usiutie kwa nguvu katika mlango wa leo. Wala usifikiri kuwa uwanja huu umefungwa kwetu: mwaka 2018 Sylvia Gathoni wa Kenya, mchezaji wa Tekken, alisajiliwa na timu ya Marekani iitwayo UYU.

Nimesema kuwa mdogo wangu alikuja kwangu baada ya msiba. Sikusema kuwa baada ya matanga alikataa kurudi shuleni. Jambo hilo liliitikisa jamaa yetu nzima. Ami yetu alikuja akamkemea. Shangazi alikuja akalia mbele yake, akamtajia jina la marehemu. Mwalimu wake alimwita akamwonyesha hasara ya kuacha masomo katika kidato cha tatu. Wote walimpenda, na yote waliyosema yalikuwa kweli. Kwa kila mmoja mdogo wangu aliinamisha kichwa na kujibu neno moja, "Nitaona." Hiyo ndiyo ilikuwa kinga yake. Kadiri maneno yalivyozidi uzito, ndivyo alivyozidi kuinama, kama Ali kwenye kamba.

Nilimtazama kwa wiki kadhaa, nikaona mambo mawili. La kwanza, neno "shule" likitajwa tu, mabega yake yalipanda kabla sentensi haijaisha. Alikuwa amezoeshwa kuwa baada ya neno hilo huja lawama. La pili, akiulizwa juu ya mchezo, alisema kwa ufasaha mrefu ambao hakuna mgeni aliyepata kuusikia. Basi jioni nilikaa karibu naye nikamwuliza juu ya mchezo peke yake. Neno la shule sikulitaja. Alinieleza mapigo, akanihesabia picha kwa sekunde, akanichorea katika daftari langu la maandalio ni kinga ipi hushindwa na pigo lipi. Siku moja, akiendelea kuchora, alisema pasipo kuulizwa kuwa baba ndiye aliyekuwa akimsaidia hesabu, na kuwa hawezi kufungua kitabu cha hesabu bila kuisikia sauti yake. Nikanyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwezi wa tatu tangu afike kwangu, aliniuliza kama nafasi yake ingali ipo darasani. Ilikuwapo. Alirudi akiwa nyuma ya wenzake kwa muhula mmoja, na hesabu ilimsumbua mpaka mwisho, lakini alimaliza kidato cha nne.

Nakuomba uangalie tofauti iliyopo hapa, maana bila hiyo mafundisho yangu yote yatakuwa sumu. Mchezoni tunasoma kinga ya mtu ili tumpige pale palipo wazi, na hilo ni halali, kwa sababu wote wawili wamekubali mchezo. Nyumbani na darasani hakuna aliyekubali kupigwa. Mtu ajuaye udhaifu wa ndugu yake na kuutumia kumshinda katika ugomvi ni mwizi aliyeonyeshwa mlango wa nyuma akiwa mgeni. Jicho la kusoma ni moja; nia ndizo mbili. Mdogo wangu hakuwa mshindani wangu. Kinga yake ilikuwa inalinda jeraha, na jeraha haliombi pigo lililo hodari zaidi.

Msomaji, kesho au keshokutwa utakutana na ukuta: mchezoni, katika mdahalo, katika mtihani, au katika uso wa mtu umpendaye. Kabla hujaongeza nguvu, uliza maswali matatu. Ukuta huu umejengwa kuzuia nini? Mwenyewe hufanya nini kila mara anapobanwa? Na mimi, je, nimekuja kushindana naye au kumfikia? Ukipata jawabu la maswali mawili ya kwanza utakuwa mchezaji hodari, na watu watakusifu. Jawabu la swali la tatu hakuna mwingine awezaye kukutafutia.